Kumchunguza Mgonjwa Anayeshukiwa Kuwa na Damu Iliyoganda Kwenye Mshipa wa Porta: Mwongozo kwa Matabibu wa Arusha na Moshi

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya tabibu, daktari aliye mafunzoni na muuguzi anayempokea mgonjwa katika zahanati, kituo cha afya au hospitali ya wilaya kwenye mikoa ya Arusha na Kilimanjaro, mahali ambapo ultrasaundi yenye Doppler (inayoonyesha mtiririko wa damu ndani ya mishipa) mara nyingi ipo mjini na mgonjwa anapaswa kutafuta nauli ili aifikie. Uchunguzi wa mwili peke yake hauwezi kuthibitisha kwamba damu imeganda ndani ya mshipa wa porta, kwa kuwa uthibitisho hutokana na picha. Kazi ya macho na mikono ni kuamua nani anaihitaji picha hiyo, nani anaihitaji leo hii, na nani anamhitaji daktari wa upasuaji hata kabla ya picha.

Mshipa wa porta huanza nyuma ya shingo ya kongosho, pale vena inayotoka kwenye wengu inapokutana na ile inayotoka kwenye utumbo, kisha hupanda takriban sentimita 8 hadi kwenye ini, ukibeba karibu robo tatu ya damu yote inayoingia humo. Ukiziba, damu hurundikana nyuma ya kizuizi, ndiyo maana wengu hukua na vena za mfuko wa tumbo na za umio huvimba. Ini lenyewe huendelea kupokea damu ya ateri, na ndani ya wiki chache mishipa midogo huota kuuzunguka mshipa ulioziba na kuipitisha damu pembeni. Kwa sababu hiyo, mgonjwa ambaye ini lake lilikuwa zima tangu mwanzo huja na wengu mkubwa na dalili za kutokwa damu, huku alama za ini lililochoka zikikosekana. Kukosekana kwa alama hizo kuna uzito sawa na kuwepo kwa wengu, na kunapaswa kuandikwa kwenye faili kwa maneno kamili.

Hatua ya kwanza: usalama wa mgonjwa kabla ya tumbo lake

Pima mapigo ya moyo, presha, joto na upumuaji, na uangalie kama mgonjwa anajitambua. Aliyetapika damu au anayepata choo cheusi kama lami, akiwa na mapigo yanayozidi 100 kwa dakika au namba ya juu ya presha (sistoli) iliyo chini ya 90, amepoteza damu nyingi, na huyo huwekewa kanula mbili kubwa, hutolewa damu ya kupima kundi na ulinganisho, na huandaliwa rufaa kabla ya jambo lingine lolote. Ikiwa presha akiwa amelala ni ya kawaida na hana kizunguzungu, mpime tena akiwa amesimama, maana kushuka kwa namba hiyo ya juu kwa 20 au zaidi kunaonyesha upungufu ambao kipimo cha kwanza kiliuficha. Asiyeweza kukaa bila kuyumba asisimamishwe kwa ajili ya kipimo hiki.

Mgonjwa mwenye ini lililosinyaa akitokwa damu nyingi, mara nyingi huanza kuchanganyikiwa, tumbo hujaa maji na macho huzidi kuwa ya njano. Mtoto au kijana ambaye tatizo lake ni mshipa wa porta tu huishi kwa namna nyingine kabisa: jana alitapika damu ya kujaza nusu ya beseni, leo baada ya kuongezewa damu amekaa kitandani akimwomba mama yake uji, akili timamu na macho meupe. Ukiona hali hiyo, wazo la mshipa wa porta liwe karibu na juu ya orodha yako.

Joto la mwili nalo lina maana yake. Homa ya wastani inaweza kuambatana na damu iliyoganda hivi karibuni hata bila maambukizi. Homa inayopanda na kushuka kwa kutetemeka, pamoja na ini linalouma likiguswa, huashiria kwamba damu iliyoganda ina wadudu ndani yake, na chanzo kitafutwe tumboni, kidole tumbo kikiwa cha kwanza.

Hatua ya pili: maswali yanayoongoza mikono

Salimia kama kawaida. Bibi aliyeteremka kutoka Rombo na kuambiwa “Shikamoo, bibi, pole na safari” atalala kitandani akiwa ametulia, na tumbo lililotulia ndilo linalopapasika. Kwa mtoto, muulize mama kuhusu kitovu: kilipona siku gani, kilitoa usaha, kilipakwa kitu gani, na kama mtoto alilazwa akiwa mchanga na kuwekewa mrija kitovuni. Maambukizi ya kitovu na mrija huo ni miongoni mwa vyanzo vinavyojulikana vya kuziba kwa mshipa huu utotoni, ingawa dalili zinaweza kujitokeza miaka mingi baadaye.

Kwa mwanamke, uliza kuhusu ujauzito, kujifungua hivi karibuni na vidonge vya uzazi wa mpango. Kwa mtu mzima yeyote, uliza kuhusu upasuaji wa tumbo, hasa wa kuondolewa wengu, ugonjwa wa kongosho, homa ya ini aina ya B, kupungua uzito, damu kuganda mguuni yeye mwenyewe au ndugu zake, na pombe. Swali la pombe liulizwe bila kuhukumu na kwa majina yake, kwa kuwa wapo wazee wasiohesabu mbege kuwa ni pombe. Mwisho uliza alikoishi. Aliyekulia Kanda ya Ziwa, au aliyefanya kazi kwa miaka kwenye mashamba ya umwagiliaji, anaweza kuwa na kichocho cha ini, ambacho huiga ugonjwa huu karibu kwa kila kitu.

Hatua ya tatu: macho, kinywa, viganja na ngozi

Msogeze mgonjwa karibu na dirisha. Unjano wa macho hauonekani vizuri chini ya taa ya njano, na kwa ngozi nyeusi kuna mtego mwingine: sehemu ya jicho inayopigwa na jua mara nyingi huwa na rangi ya kahawia au njano chafu ambayo haihusiani na ini. Mwambie atazame chini, inua kope la juu, na utazame weupe uliofichika huko, kisha tazama chini ya ulimi. Njano ya kweli huonekana sawasawa sehemu zote hizo. Kwa mgonjwa wa mshipa wa porta macho huwa meupe mara nyingi. Yakiwa ya njano, na ngozi ina alama za kujikuna, fikiria kwamba mishipa ya pembeni iliyovimba inakandamiza mirija ya nyongo, au kwamba ini lenyewe lina ugonjwa.

Upungufu wa damu utafutwe ndani ya kope la chini, kwenye ulimi na kwenye mikunjo ya viganja. Madoa madogo ya damu yanayotokana na upungufu wa chembe sahani, ambazo wengu mkubwa huzizuia, ni vigumu kuyaona kwenye ngozi nyeusi, kwa hiyo yatafute kwenye kaakaa na ndani ya mashavu, na uulize kama fizi hutoa damu anapopiga mswaki. Ukiwa kinywani huko utakutana na meno ya kahawia kwa watu wengi waliokulia vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru. Hayo ni madhara ya floridi iliyomo kwenye maji, nayo hayasemi lolote kuhusu ini.

Sasa tafuta alama za ini lililochoka kwa muda mrefu: wekundu wa viganja, vishipa vyekundu vya kifuani vinavyofifia vikibonyezwa, matiti kukua kwa mwanamume, korodani kusinyaa, misuli ya mabega kuisha. Vishipa vya kifuani ni shida kuviona kwa wagonjwa wetu, hivyo usiandike “hakuna” kwa kutazama mara moja kutoka mwisho wa kitanda. Mwambie mgonjwa anyooshe mikono na kukunja viganja kwenda juu kwa nusu dakika, na viganja vikidondoka na kurudi mara kwa mara, ubongo umeathiriwa na ini, jambo lisilo la kawaida kwa mtu ambaye mshipa umeziba lakini ini ni zima.

Usiiache shingo. Vena za shingo zilizovimba kwa mtu aliyeketi nusu wima huelekeza mawazo kwenye moyo au kwenye utando wa moyo uliokakamaa, mara nyingi kwa kifua kikuu, na ugonjwa huo hutoa tumbo la maji na ini kubwa ambavyo tabibu mwenye haraka huweza kuviita ugonjwa wa ini.

Hatua ya nne: kulitazama tumbo

Mgonjwa alale chali, mto mmoja kichwani, tumbo wazi kutoka chuchu hadi kinena, pazia likiwa limefungwa. Tafuta makovu ya upasuaji. Tafuta pia chale za mganga: safu ya mikato midogo chini ya mbavu za kushoto ni ushahidi kwamba kuna mtu, pengine miaka kumi iliyopita, alishaugundua uvimbe wa wengu kabla ya hospitali kuufahamu. Uliza kwa upole zilichanjwa lini, na utapata tarehe ya ugonjwa ambayo faili halina.

Vena zilizovimba ukutani mwa tumbo zinahitaji uangalifu. Wanafunzi hutarajia kuziona zikisambaa kutoka kitovuni kwa kila mwenye shinikizo kubwa kwenye mfumo wa porta, lakini damu inayofika kitovuni hutokea tawi la kushoto la mshipa wa porta lililo ndani ya ini. Kizuizi kikiwa kabla ya ini, tawi hilo halipati shinikizo, na kitovu hubaki kimya. Kwa hiyo vena za wazi kitovuni humwelekeza tabibu kwenye ini lililosinyaa, hata kama mshipa wa porta nao umeziba. Vena ndefu za ubavuni na mgongoni zinazopeleka damu juu zinaonyesha kizuizi kwenye vena kubwa ya tumbo. Ili kujua mwelekeo, chagua mshipa ulio chini ya kitovu, weka vidole viwili juu yake, vitenganishe huku ukiikamua damu iliyopo katikati, kisha inua kimoja na utazame kama mshipa unajaa. Rudia kwa kuinua kile kingine. Chini ya kitovu, damu inayokwenda juu haitokani na mfumo wa porta.

Hatua ya tano: wengu

Hapa ndipo muda utumike. Pasha mikono joto kwanza, hasa Juni na Julai ambapo Arusha huwa na baridi na mgonjwa hukaza tumbo kwa kuguswa tu. Kaa kwenye kiti ili mkono wako ulale sambamba na tumbo. Anza chini kulia, karibu na kinena, kwa kuwa wengu hukua kuelekea huko. Aliyeanzia chini ya mbavu za kushoto anaweza kuwa ameweka mkono juu ya wengu wenyewe na kuudhani ni ukuta wa tumbo. Mwambie, “Vuta pumzi ndefu kwa mdomo, baba,” na usisogeze vidole wakati anavuta. Acha wengu uje ukutane navyo. Anapotoa pumzi, sogea sentimita mbili kuelekea mbavu za kushoto, kisha rudia. Mkono wa kushoto uwe nyuma ya mbavu zake ukizivuta mbele kidogo.

Usipoupata, mgeuze alale ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa, na ujaribu tena. Ukikosa bado, gonga nafasi ya mwisho kati ya mbavu kwenye mstari wa mbele wa kwapa la kushoto, kwanza akipumua kawaida na kisha akiwa amejaza mapafu. Sauti ikigeuka kuwa nzito pumzi ikijaa, wengu huenda umekua. Kipimo hiki hudanganya kwa mtu aliyetoka kula, na sahani ya ndizi na nyama inatosha kabisa kuharibu sauti ya eneo hilo, hivyo uliza amekula lini.

Uvimbe wa kushoto ukiupata, uhakikishe kuwa ni wengu. Wengu hushuka na pumzi, vidole haviwezi kupenya kati yake na mbavu, kingo yake ya ndani ina mkato, na ukigongwa hutoa sauti nzito. Figo huweza kusukumwa kutoka mgongoni hadi kwenye mkono wa mbele, na kwa kawaida vidole hupita juu yake. Pima kwa utepe, kwa sentimita, kutoka ukingo wa mbavu hadi ncha ya wengu, na uandike pia daraja la Hackett: daraja la 1 hushikika pumzi ikijaa tu, la 2 haliuvuki mstari wa kati baina ya mbavu na kitovu, la 3 hufika usawa wa kitovu bila kuuvuka, la 4 huvuka kitovu bila kupita nusu ya njia hadi mfupa wa kinena, na la 5 huenda chini zaidi.

Angalizo moja linalosahaulika sana ni kwamba wengu hunywea baada ya kutokwa damu nyingi. Usioshikika usiku wa kutapika damu unaweza kushikika vizuri siku chache baadaye mgonjwa akishapata maji na damu. Kwa hiyo rudia kipimo kabla ya kumruhusu, na usiifute dhana kwa sababu ya matokeo ya usiku ule.

Wengu mkubwa una sababu nyingi katika nchi yetu, zikiwemo malaria ya mara kwa mara, kichocho, selimundu na saratani za damu. Matezi yaliyovimba shingoni na kwapani yanaelekeza kwenye saratani za damu. Kichocho hakitenganishwi kwa mkono, kwa kuwa nacho huacha ini likifanya kazi vizuri na mgonjwa akitapika damu. Ini lenye upande wa kushoto uliokua na kuwa mgumu huongeza shaka juu yake. Ikumbukwe pia kuwa kichocho chenyewe kinaweza kufuatiwa na kuganda kwa damu kwenye mshipa wa porta.

Hatua ya sita: ini na maji

Gonga kwenye mstari unaoshuka kutoka katikati ya mtulinga wa kulia ili kupata mpaka wa juu wa ini, kisha papasa mpaka wa chini. Urefu wa kawaida kwa mtu mzima ni kati ya sentimita 6 na 12. Kwa mgonjwa wa mshipa wa porta asiye na ugonjwa wa ini, urefu huwa wa kawaida au mdogo kidogo, kingo ni laini, na haliumi. Ini kubwa linalouma, pamoja na maji yaliyojaa kwa haraka, huelekeza kwenye kuziba kwa vena zinazotoa damu kwenye ini, ugonjwa ambao ni ndugu wa huu lakini una hatari na matibabu yake. Ini gumu lenye mabonde na vilima, hasa ukisikia mvumo juu yake kwa stetoskopu, ni saratani ya ini mpaka ithibitishwe vinginevyo, na saratani hiyo ina tabia ya kupenya na kuuziba mshipa wa porta.

Maji tumboni hutafutwa kwa kugonga kutoka kitovuni kwenda ubavuni na kumgeuza mgonjwa, ukisubiri kidogo ili maji yahame kabla ya kugonga tena. Njia hii huhitaji takriban lita moja na nusu. Maji mengi si kawaida ya mshipa wa porta peke yake, ingawa machache huweza kujitokeza kwa muda baada ya kutokwa damu. Mgonjwa wa ini lililosinyaa ambaye alikuwa ametulia na dawa zake, kisha ghafla maji yakaongezeka bila sababu ya wazi, anastahili ultrasaundi ya mshipa wa porta na ya kutafuta saratani.

Hatua ya saba: njia ya haja kubwa

Mweleze mgonjwa unachotaka kufanya, pata ridhaa, na uwe na shahidi wa jinsia inayofaa. Rangi ya choo kwenye glavu hutoa jibu ambalo maelezo ya mgonjwa huweza kulikosa. Vena za njia ya haja zilizovimba kwa shinikizo la porta hunywea zikibonyezwa na kujaa tena, na zisikatwe wala kufungwa kama bawasiri ya kawaida.

Tumbo linalouma ghafla

Hadi hapa tumemzungumzia zaidi mgonjwa wa muda mrefu. Yule ambaye damu imeganda siku chache zilizopita huja na maumivu ya tumbo au ya mgongo, kichefuchefu, tumbo lililojaa gesi, na mara nyingi mkono wako hautakuta chochote cha maana: wengu bado haujakua, tumbo ni laini, ini halishikiki. Maumivu makubwa ilhali tumbo ni laini ndiyo dalili yenyewe, na kumrudisha nyumbani na dawa ya vidonda vya tumbo ni hatari, hasa akiwa mwanamke aliyejifungua karibuni au mtu aliyeondolewa wengu.

Mchunguze tena kila baada ya saa chache, mkono uleule ukiwezekana. Tumbo likianza kukakamaa, maumivu yakizidi mkono unapoachia ghafla, sauti za utumbo zikinyamaza, choo kikiwa na damu, au mapigo yakipanda wakati joto na presha vinaharibika, damu iliyoganda imeenea hadi kwenye vena za utumbo na utumbo unakufa. Huyu hasubiri zamu ya ultrasaundi. Piga simu kwa daktari wa upasuaji wa hospitali ya rufaa, na mgonjwa aondoke na dripu, dawa ya maumivu na muuguzi wa kumsindikiza.

Hatua ya nane: kuandika

Fomu ya ultrasaundi iliyoandikwa “maumivu ya tumbo” hurudi na jibu la figo na kibofu. Andika swali kamili, kwa mfano: “Mvulana wa miaka 9, ametapika damu mara mbili, wengu sentimita 7 chini ya mbavu, Hackett daraja la 3, ini sentimita 9 na laini, hakuna njano, hakuna maji, hakuna vena kitovuni, kitovu kilitoa usaha akiwa mchanga. Tafadhali angalia mshipa wa porta na wa wengu kwa Doppler: je, damu inapita, kuna damu iliyoganda, kuna mishipa ya pembeni kwenye lango la ini?” Kwa mtoto ongeza uzito na urefu vikilinganishwa na kadi ya kliniki, kwa kuwa ugonjwa huu huweza kudumaza ukuaji. Nakala moja ibaki kwenye faili, nyingine apewe mzazi mkononi, na namba ya simu ya kituo iandikwe juu ya karatasi ili mpima picha, akiuona mshipa umeziba, aweze kukupigia kabla mgonjwa hajapanda gari la kurudi nyumbani.